Askari wa Keya na Haki ya Jina

Katika darasa yetu ya baada ya Isha iliulizwa suali ambalo hatukuweza kulijibu usiku ule, tukaahidi kulijibu kwa maandishi. Aliyeuliza ni kijana afanyaye kazi bandarini Kilindini, ambaye njia yake humpitisha mbele ya zile sanamu za shaba za askari wa Vita Vikuu vya mwaka 1914 hadi 1918. Alisema: "Hawa waliokufa chini ya bendera ya Mwingereza, na wengi wao ni Waislamu, na pengine walimuua Muislamu mwenzao aliyekuwa chini ya bendera ya Mjerumani, je, yafaa kuwaombea rehema? Na sisi tuna deni lolote kwao, au deni lao li juu ya yule aliyewatuma?"

Waliokuwapo waligawanyika papo hapo. Wako waliosema kwamba watu wale waliuza roho zao kwa rupia, na aliyeuza hadai tena. Wako waliosema kwamba walikuwa mashujaa wa nchi, na shujaa hahojiwi. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yalifanya haraka. La kwanza lilihukumu nyoyo, na elimu ya nyoyo si yetu. La pili lilisifu kabla ya kuuliza kilichotendwa. Basi tuanze na khabari zenyewe.

Jeshi hili asili yake moja ni hapa hapa Mombasa. Serikali ya Kiingereza ilipouchukua utawala wa pwani kutoka kwa kampuni ya biashara mwaka 1895, askari wa kampuni walifanywa kikosi kilichoitwa East Africa Rifles, chenye makao yake katika kisiwa chetu, na ndani yake walikuwamo Waswahili, Wasudani na Wahindi wa Punjab. Vita vyake vya mwanzo vilikuwa vya Sheikh Mbarak bin Rashid el-Mazrui, vilivyokwisha mwaka 1896 kwa Sheikh huyo kuvuka mpaka na kuingia nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Tarehe 1 Januari 1902 kikosi hicho kikaunganishwa na wenzake wa Uganda na wa Nyasaland, wakaitwa wote King's African Rifles. Wazee wetu hawakujisumbua na maneno hayo matatu. Walizichukua herufi zake za mwanzo wakasema Keya, na neno likaingia katika lugha.

Kwa miaka mingi Keya haikuwekwa ili kupigana na mataifa ya ng'ambo. Ilikuwa jeshi la mipakani, la kuonyesha mkono wa serikali mahali ambapo karatasi ya serikali ilikuwa haijafika: Jubaland kwa Wasomali, kaskazini kwa Waturkana, na kila palipokuwa na watu waliokataa kodi au kazi ya kulazimishwa. Na mpaka huo haukuwa mbali na milango yetu. Mwaka 1914 Wagiriama, jirani zetu, walipokataa kutoa vijana wao na kuhama ardhi yao ya kaskazini ya mto Sabaki, waliopelekewa ni hao askari wa Keya. Nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa, watu wakauawa, na mwisho wake wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa watoe vibarua 1,000. Mikono iliyoshika viberiti ilikuwa mikono ya Waafrika. Amri ilikuwa ya Wazungu. Msomaji ayashike yote mawili pamoja, wala asiliachilie moja kwa kulipenda jingine.

Ama ubaguzi wa jeshi hilo, ulikuwa ndio muundo wake, wala haukuwa aibu ya kufichwa. Afisa alikuwa Mzungu, na askari Mwafrika. Mwafrika mwenye miaka 20 ya utumishi na makovu mwilini hakuweza kuwa juu ya kijana wa Kiingereza aliyeshuka melini jana, na mlango wa uafisa kamili haukufunguliwa ila mwanzo wa miaka ya 1960, uhuru ukiwa umekwisha piga hodi. Katika vita vile vya kwanza askari alikwenda miguu mitupu kwenye miiba na matope, naye afisa wake ana viatu. Jeshi lilianza vita mwaka 1914 na askari wapatao 2,400, likamaliza mwaka 1918 na batalioni 22 zenye watu zaidi ya 30,000, kwani waliokwisha letwa kutoka Uingereza, Afrika Kusini na Bara Hindi walishindwa na homa. Mweusi hakuaminiwa kuongoza, lakini aliaminiwa sana kufa.

Jambo moja hutuuma kuliko mengine tukilifikiri. Upande wa pili, kwa Wajerumani, walikuwako pia askari weusi, na wengi wao Waislamu, wakiamrishwa vilevile kwa Kiswahili. Mnamo Novemba 1914 Sultani wa Istanbul, mshirika wa Wajerumani, alitangaza jihadi dhidi ya Waingereza na wenzao, na Waingereza nao wakawatafuta Waislamu wa kuwapigania. Hapa Mombasa alikuwako Mwingereza mmoja, Arthur Wavell, ambaye miaka michache kabla ya vita aliingia Makka kwa kujifanya Muislamu wa Unguja, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Huyo ndiye aliyekusanya kikosi cha Waarabu wa pwani kupigana na Wajerumani upande wa kusini, akauawa mwezi wa Januari 1916 karibu na Mwele. Basi Muislamu alimwelekezea bunduki Muislamu, kila mmoja akitamka shahada yake, na lugha iliyotoa amri ya kupiga pande zote mbili ni lugha hii tuandikayo. Wala hakuna hata upande mmoja uliokuwa ukipigania jambo la dini. Walikuwa wakigombania nchi isiyokuwa ya mmoja wao.

Je, mwenye kupigana hivyo ana lawama? Twasema: aliyeingia kwa hiari yake, akijua kwamba atatumwa kuchoma nyumba ya asiyemkosea, hana udhuru wa kusema niliamrishwa; hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba, na hili halina khitilafu baina ya wanavyuoni. Lakini ni wangapi walioingia hivyo? Wengine waliingia kwa njaa, wengine kwa kodi, wengine wakiwa watoto wa askari wasiojua kazi nyingine. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye nia ya kila mmoja. Anayefunga mlango wa dua kwa jumla yao amejitwika hukumu ambayo hakupewa. Dua haina sharti la kwamba tumridhie mtu kwa kila alilolitenda. Lau lingekuwako sharti hilo, hakuna ambaye angetuombea sisi.

Zaidi ya hayo, sanamu zile si za askari peke yao. Yuko pia mpagazi, na khabari yake ni nzito kuliko ya mwenye bunduki. Kwa sheria ya serikali ya mwaka 1915 ilijuzishwa kuwashika watu kwa nguvu kuwa wapagazi wa vita. Ujira wao ukapunguzwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 ukafanywa msako mkubwa, wilaya baada ya wilaya, na wale waliopelekwa kusini waliletwa kwa reli mpaka pwani. Wakati huo magati ya Kilindini ya kufungia meli kubwa yalikuwa hayajajengwa (yalifunguliwa mwaka 1926), basi watu walichukuliwa kwa matishari hadi kwenye meli zilizotia nanga katika kina, wakapelekwa Kilwa na Lindi. Waliandikwa wapagazi kwa malaki. Waliohesabiwa rasmi kuwa wamekufa ni zaidi ya 40,000, na wataalamu wa taarikh wanasema hesabu ya kweli ni kubwa zaidi. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa tumbo la damu, kwa homa na kichomi, na kwa unga wa mahindi ambao matumbo ya wengine hayakuuzoea na ambao hapakuwa na nafasi ya kuupika ukaiva. Jina la jeshi lao kwa Kiingereza lilikuwa Carrier Corps, nasi tukalifanya Kariakoo. Na leo mtu hununua nguo sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, asijue kwamba amelitaja jina la jeshi.

Sasa tufike katika kiini cha suali, nacho ni deni. Juu ya nguzo ya sanamu zile kuna maandishi, na lugha yetu ni mojawapo ya lugha zake, yenye ahadi kwamba aliyekufa kwa ajili ya nchi jina lake litakumbukwa na wanawe. Twamwomba msomaji aende akasome, kisha alitafute jina hata moja. Hakuna. Majina ya maafisa wa Kizungu yamechongwa katika mawe ya makaburi yao Taveta na Voi, kila mmoja na siku yake. Ya hawa yalitosha kuwekwa sanamu.

Wako wasemao kwamba jina ni pambo, na maiti hana haja ya pambo. Kweli, sisi si watu wa kupamba makaburi, na sanamu khasa hatuna haja nazo; watu wa darasa yetu wamekwisha semwa sana mjini kwa kukemea mambo hayo, wala haturudi nyuma. Lakini katika sharia yetu jina la maiti si pambo. Ni ufunguo. Kwalo hufunguliwa eda ya mjane, na mirathi ya watoto, na deni alilodai na alilodaiwa. Asiyejulikana kuwa yu hai au amekufa huitwa mafqud, aliyepotea. Mkewe si mjane, wala si mke mwenye mume. Kwa kauli mpya ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tegemeo katika madhehebu ya watu wa pwani, haolewi mpaka kifo kithibitike au kadhi ahukumu; na kwa kauli yake ya kale, iliyo ndiyo hukumu ya Sayyidna Umar na madhehebu ya Imamu Malik, hungoja miaka 4, kisha akakaa eda ya miezi 4 na siku 10. Mali yake nayo hugandishwa. Hayo yote huondoka kwa karatasi moja yenye jina na tarehe.

Mzee mmoja katika darasa yetu, aliyekuwa kimya usiku ule wote, alizungumza tulipofika hapo. Babu yake alikuwa hamali wa pwani ya Kilindini, akachukuliwa mwaka 1917, na mtu wa mwisho aliyemuona alisema yu hai, amelala kwenye turubali Kilwa, akiumwa na tumbo. Bibi yake alikuwa na miaka kama 20 na mtoto mchanga. Alikwenda ofisini akaambiwa khabari haijaja. Alikwenda kwa watu wa dini akaambiwa asubiri ushahidi. Alipokuja mtu wa kumposa, jamaa waligombana: huyu asema ni halali, yule asema ni zinaa. Mwishowe posa ikarudishwa. Shamba la minazi la ng'ambo ya Kisauni lililokuwa na fungu la mumewe likakaa bila kugawanywa, na lisilogawanywa huliwa na aliye karibu nalo. Mzee alisema: "Bibi yangu amekufa mimi ni mtu mzima, na mpaka mwisho, mlango ukigongwa usiku, alikuwa akijifunika kwanza nguo njema." Hakusema zaidi.

Na si kwamba majina hayakujulikana. Ofisi ya wapagazi, aliyoiongoza Oscar Watkins, ilikuwa na madaftari, kwani haiwezekani kumlipa mtu asiyeandikwa. Hata kile kipande kilichowatesa baba zetu baada ya vita kilijifunza mengi katika uandikishaji huo. Mishahara ya waliokufa, ambayo hakuja mtu kuidai, ilibaki mikononi mwa serikali. Maafisa wa Nairobi waliomba fedha hizo zitumiwe kwa maslaha ya Waafrika, na London ikakataa. Mtu atadai vipi mshahara wa mumewe naye hakuambiwa kwamba amekufa? Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) juu ya ujira wa mfanyakazi na jasho lake kila mtoto wa chuoni anayajua. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Suratul Baqara, haikushuka juu ya vita wala juu ya pepo. Imeshuka juu ya kuandika deni. Sayyidna Umar alipoweka diwani ya askari wake aliwaandika kwa majina na koo zao, na wake na watoto wao wakawa na fungu lao. Hakungoja wafe.

Yuko atakayesema kwamba mambo ya zamani yalikuwa hivyo, wala haikuwezekana vingine. Iliwezekana. Mwezi wa Februari 1944, katika vita vya pili, meli Khedive Ismail iliondoka hapa Kilindini kwenda Colombo na watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache, na waliookoka hawakuzidi sana 200. Wengine walikuwa wakielea majini manowari za Kiingereza zilipotupa mabomu ya kuisaka nyambizi iliyojificha chini yao. Mambo ya namna hii hatuyasemi neno. Mwenyezi Mungu ndiye hakimu. Lakini waliozama wale wameandikwa majina yao katika ukuta wa kumbukumbu, katika makaburi ya vita ya Nairobi, askari mweusi kwa jina lake. Serikali ni ile ile, na bahari haikuacha hata mwili wa kuzikwa. Kilichobadilika ni kwamba safari hii waliona ni lazima.

Tumewalaumu Waingereza, na wanastahili. Lakini darasa ya Kiislamu isiyojilaumu ni gumzo la barazani. Katika sahihi ya Bukhari na ya Muslim iko khabari ya mtu mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alikufa, Masahaba wakamzika bila kumwambia Mtume (S.A.W.), kana kwamba jambo lake ni dogo. Alipomkosa aliuliza, akawaambia mbona hamkunijulisha, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamsalia. Sisi wa mji huu tulimuuliza nani? Mzungu aliweka daraja katika jeshi lake, nasi tulikuwa na daraja zetu kabla hajaja: huyu muungwana, yule mtumwa, huyu wa ukoo fulani, yule mtu wa bara. Mpagazi alipopita mtaani akiwa na kamba shingoni hatukuona kwamba aliyechukuliwa ni wetu. Na baada ya vita, kwa tajiri tulikusanyika hitma na pilau, kwa hamali wa Kilindini hatukukusanya hata majina. Hatusemi hivi ili tuongeze hitma; hilo tumekwisha lieleza mara nyingi.

Wala tusiwafanyie hesabu hiyo Waislamu peke yao. Wengi wa wapagazi walikuwa Wakamba, Waluo, Wakikuyu na jirani zetu Wamijikenda. Dua ina hukumu zake, na haki ina hukumu zake. Ujira wa asiyekuwa Muislamu ni ujira, na jeneza la Myahudi lilipopita Mtume (S.A.W.) alisimama, akauliza wenye kustaajabu kama hiyo nayo si nafsi.

Basi jawabu ya kijana wetu ni hii. Sala ya maiti asiyekuwapo, kwa madhehebu yetu, husaliwa na aliyekuwa katika wenye kuwajibikiwa na sala hiyo siku ya kifo, nasi siku hiyo tulikuwa hatujazaliwa. Mlango huo umefungwa. Dua kwa Waislamu wao haikufungwa, na hakuna dalili ya kuizuia. Ama deni, asili yake ni ya aliyewatuma. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Waingereza inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwa maandishi kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wa ulinzi akaomba radhi mbele ya Bunge la London. Tangu hapo yametafutwa madaftari ya zamani hapa Kenya, na majina yameanza kuonekana. Hilo ni jema, wala hatulidharau, ingawa mwanamke aliyekuwa akijifunika nguo njema usiku amekwisha tangulia.

Lakini daftari la ofisi litamwandika mtu kama alivyoandikwa na karani aliyekuwa na haraka, pengine jina moja tu lisilo la baba. Anayejua kwamba huyo alikuwa mwana wa fulani, wa mtaa fulani, aliyekuwa na mke fulani, ni jamaa zake, na hao wanakufa mmoja mmoja. Tumenunua daftari, liko katika kabati ya darasa. Mwenye mtu wake aliyekwenda na asirudi, awe wa Keya au wa Kariakoo, wa vita vya kwanza au vya pili, Muislamu au asiyekuwa Muislamu, na aje na jina lake, na la baba yake, na mtaa, na mwaka, na jina la aliyemuona mwisho. Jina la kwanza limekwisha andikwa. Mzee aliliandika mwenyewe usiku ule, kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, kisha akatuuliza kama chini yake yafaa kuliandika na la mkewe. Tulimwambia yafaa.